Mtoto wa siku nne kwenye Barabara ya Morogoro: uchambuzi wa safari yake ya kwanza

Mtoto alikuwa wa kike, kilo 3.2, siku ya nne tangu azaliwe. Mama yake alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, na nyumbani kwao ni Kibamba, mwendo wa kilomita 25 hivi kwa Barabara ya Morogoro. Gari ni Toyota IST ya baba. Ndani walikuwa wanne: baba kwenye usukani, bibi mzaa mama kiti cha mbele, mama na mtoto nyuma. Waliondoka saa kumi na nusu jioni, wakafika saa moja usiku. Walipokaribia Kimara Stop Over daladala iliwachomekea, baba akakanyaga breki kwa nguvu, na kwa wakati huo mtoto hakuwa kwenye kiti chake. Alikuwa mapajani kwa mama, ananyonya.

Hakuumia. Daktari aliyempima kesho yake alimkuta mzima. Aliyeumia ni mama, kwa sababu alisogezwa mbele hadi goti likagonga kiti cha mbele, na kidonda cha upasuaji kikamuuma siku mbili zilizofuata.

Ninakiandika kisa hiki kwa ridhaa ya wazazi wenyewe, ambao ni majirani zangu, na majina yao nimeyaacha. Si watu wazembe hawa. Kiti cha mtoto walikuwa nacho, jambo ambalo familia nyingi hapa mjini hazina. Baba anaendesha kwa utulivu. Bibi amelea watoto sita. Kazi yangu ni kufundisha madereva wa magari ya ofisi, ndiyo maana waliniita. Nilikaa na kila mmoja kwa wakati wake, kisha tukalitoa gari uani, tukakifunga kiti kama kilivyofungwa siku ile, tukapitia hatua moja baada ya nyingine. Nilichoondoka nacho ni hiki: safari ile iliharibika kabla gari halijawashwa, kwa swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Mtoto akilia njiani, tunafanya nini?

Kiti chenyewe

Kiti kilitoka kwa shangazi wa baba anayeishi Uingereza, kikaja kwenye kontena pamoja na vyombo vingine. Kilikuwa kimeshatumika na watoto wake wawili. Kiti cha mtumba si kibaya kwa kuwa ni cha mtumba. Ubaya ni kutojua kilipopitia. Kiti kilichokuwa ndani ya gari lililopata ajali kubwa hakifai tena hata kama hakina ufa unaoonekana, kwa sababu plastiki na sponji yake ngumu huenda vimeshafanya kazi yao ya mwisho. Baba alimpigia shangazi simu na kumuuliza. Hilo alilifanya vizuri, na ndiyo faida ya kiti kinachotoka kwa mtu unayemfahamu kuliko kile unachokiokota kwenye lundo la vitu vya mtumba, ambacho muuzaji naye hajui kimetoka wapi.

Nilitafuta alama. Ubavuni mwa kiti palikuwa na kibandiko cha rangi ya chungwa, chenye herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba. Hiyo ndiyo alama ya viwango vya Ulaya; namba huonyesha nchi iliyokithibitisha, 11 ni Uingereza, 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi. Kibandiko hicho kilisema kiti ni cha mtoto tangu kuzaliwa hadi kilo 13. Kitabu cha maelekezo hakikuwepo, lakini picha za kufunga zilikuwa zimebandikwa ubavuni, na hakuna aliyeziangalia. Nilizitazama pamoja na baba. Viti vingi vya aina hii vina njia za mkanda zilizopakwa rangi: buluu ni njia ya kiti kinachotazama nyuma, nyekundu ni ya kiti kinachotazama mbele. Chake kilikuwa na buluu tu, maana ni cha vichanga peke yao.

Hospitalini baba alitaka kukiweka kiti mbele, pembeni yake, ili amwone mwanawe. Bibi ndiye aliyekataa, akisema mbele ni mahali pa watu wazima. Sababu yake ilikuwa ya heshima ya nafasi, lakini uamuzi ulikuwa sahihi kabisa kwa sababu nyingine. IST ina mfuko wa hewa kwenye dashibodi upande wa abiria. Mfuko huo, eabegi kama mafundi wanavyouita, hufumuka kwa kasi inayozidi kilomita 200 kwa saa. Kiti cha kichanga kikitazama nyuma, mgongo wake unakuwa karibu kabisa na dashibodi, na kichwa cha mtoto kiko nyuma ya mgongo huo. Kinachomwokoa mtu mzima kinamuua mtoto, tena katika ajali ndogo ambayo gari lenyewe lingetengenezwa na kurudi barabarani. Magari mengi yana picha ya onyo juu ya jambo hili kwenye kizuia jua cha abiria. Kikunjue uitazame.

Basi kiti kikakaa nyuma kushoto, nyuma ya bibi. Kwa nchi inayoendesha upande wa kushoto hapo ni pazuri, mlango unafungukia ukingoni na si kwenye magari yanayopita. Katikati pangekuwa mbali zaidi na milango yote miwili, lakini kwenye baadhi ya magari madogo ya zamani mkanda wa katikati ni wa kiunoni tu, wakati kiti cha namna hii kinahitaji mkanda wenye sehemu mbili, ya kiuno na ya bega.

Kwa nini kitazame nyuma? Kichwa cha kichanga ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo yake bado ni laini. Gari likigonga kitu kwa mbele, kila kilichomo kinataka kuendelea kwenda mbele. Mtoto anayetazama mbele, kiwiliwili kinazuiwa na mikanda, kichwa kinaendelea, shingo ndiyo inayovutwa. Anayetazama nyuma anazama kwenye mgongo wa kiti, na nguvu inatawanyika kichwani, mgongoni na makalioni kwa pamoja. Hesabu za Marekani zinaonyesha kwamba kiti kinachotumika ipasavyo hupunguza vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja kwenye magari ya abiria kwa asilimia 71. Maneno yenye uzito hapo ni "kinachotumika ipasavyo".

Maana cha familia hii kilikuwa kinacheza. Nilikishika pale mkanda unapopita nikakisukuma kushoto na kulia, kikaenda kiasi cha upana wa kiganja. Kinachokubalika ni sentimita mbili na nusu, basi. Mikanda ya nyuma ya magari yetu mengi hujifunga pale tu gari linaposhtuka. Ukiivuta taratibu inafuata. Kwa hiyo haitoshi kuupitisha mkanda na kusikia sauti ya kifungio. Unakibonyeza kiti kwa mkono au goti hadi sponji ya siti ya gari ijae chini, huku mkono mwingine ukivuta mkanda wa bega kuondoa ulegevu wote. Baba alipofanya hivyo mbele yangu, kiti kilitulia.

Khanga, mto wa shingo, na kichwa kinachoinama

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mila yetu nzuri na chombo hiki vinapogongana, na sijaona wengi wakilizungumza.

Mtoto alitolewa wodini kama watoto wetu wanavyotolewa: shati, sweta la kufuma, kofia, soksi, kisha khanga mbili zimemzungushia mwili hadi akawa fungu moja lililonyooka. Bibi alimfunga vizuri, na kila aliyekuja kumwona alimsifu. Lakini kiti kina mkanda unaopita katikati ya miguu, na mtoto aliyefungwa khanga hana katikati ya miguu. Mama akafanya ambacho wengi wangefanya: aliuacha mkanda huo chini, akaunganisha ile ya mabegani juu ya khanga kwa namna alivyoweza, akailegeza ili isimbane. Kwa macho mtoto alikuwa amefungwa. Kwa kweli alikuwa amelazwa tu. Hata kama angeunganisha vyote, unene wa khanga na sweta ungebonyea wakati wa ajali, mikanda ikabaki imepwaya juu ya mtoto.

Dawa yake haimwondoi mtu kwenye mila. Mtoto avishwe nguo nyepesi yenye miguu, akalishwe makalio yafike mwisho wa kiti, mkanda wa katikati upite, mikanda ya mabegani itokee usawa wa mabega yake au chini kidogo, kisha ikazwe hadi ukijaribu kuubana utepe kwa vidole viwili begani usipate mkunjo. Baada ya hapo ndipo khanga inakuja, juu ya mikanda, kuanzia kifuani kwenda chini. Khanga za bibi zinabaki na kazi yake. Zinabadilisha zamu tu.

Jingine lilikuwa mto wa shingo. Rafiki wa mama alileta zawadi, kimto cha duara chenye masikio ya sungura, wakakivisha shingoni mwa mtoto ili kichwa kisicheze. Kimto kile kilikuwa kinene nyuma, kikakisukuma kichwa mbele hadi kidevu kikakaribia kifua. Njia ya hewa ya kichanga ni nyembamba na laini, na hana nguvu ya kuinua kichwa akikosa pumzi. Kidevu kikikaa kifuani njia hiyo inakunjika, na mtoto hatoi kelele, anakuwa kimya tu, nawe unadhani amelala. Kitu chochote ambacho hakikuja na kiti chenyewe kisiwekwe nyuma au chini ya mtoto. Kama kichwa kinalala upande, ni sawa. Kama pana nafasi kubwa kushoto na kulia, kitambaa kidogo kilichoviringishwa kinaweza kuwekwa kila upande baada ya mikanda kukazwa, kisiguse nyuma ya kichwa.

Kiti nacho kilikaa wima mno. Siti ya nyuma ya gari lile haiko bapa, na kiti kilifuata mwinamo wake. Kwa kichanga mgongo wa kiti unatakiwa ulale, karibu nyuzi 45. Viti vingi vina mstari ubavuni ambao unatakiwa uwe sambamba na ardhi gari likiwa mahali tambarare. Chake kilikuwa nao. Tulipokifunga upya na kukibonyeza sawasawa, mstari ukakaa.

Kwa sababu hiyohiyo ya kichwa na pumzi, kiti cha gari si kitanda. Mwaka 2016 watafiti wa Bristol, Uingereza, walitangaza matokeo ya kuwaweka vichanga kwenye viti hivi juu ya mtambo unaotikisika mfano wa gari, wakaona oksijeni inashuka na mapigo ya moyo na pumzi yanaongezeka kuliko walipolala bapa. Tangu hapo wauguzi wengi huko huwaambia wazazi wa watoto wa wiki nne za mwanzo wajaribu safari zisizidi nusu saa kwa mkupuo, na kwa mtoto mkubwa kidogo zisizidi saa mbili. Haina maana kwamba dakika ya thelathini na moja ni hatari kuliko barabara yenyewe. Maana yake ni kwamba mtu akae pembeni amtazame, safari iwe na vituo, na mkifika mtoto atolewe alazwe chali mahali bapa, hata kama amelala usingizi mtamu ambao hakuna anayetaka kuuvunja.

Saa mbili na nusu za barabarani

Walipanga kuondoka saa nne asubuhi. Karatasi za kuruhusiwa zilichelewa, kisha malipo yakachelewa, na mlango wa gari ulifungwa saa kumi na nusu, wakati ambao jiji zima linaelekea upande uleule. Mtoto alinyonya mara ya mwisho saa nane na nusu, wakati walipoambiwa kwamba wanaondoka sasa hivi. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, yaani karibu kila saa mbili au tatu. Kwa hesabu hiyo angeamka na njaa kabla ya saa kumi na mbili, na gari lingekuwa kwenye foleni. Dakika ishirini za kumnyonyesha na kumcheulisha kabla ya kuwasha gari zingebadilisha jioni nzima. Lakini baada ya kusubiri kutwa, kila mtu alitaka kuondoka, na hilo ninalielewa sana.

Gari lilikuwa limesimama juani. Waliingia, wakawasha kiyoyozi na kuondoka papo hapo. Gari lililofungwa juani hupanda joto kama nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu, na sehemu za chuma za vifungio zinaweza kuunguza ngozi ya mtoto. Mama alipoona jua linaingia dirishani alitandika khanga ya tatu juu ya kiti chote, kama pazia. Jua lilizuiwa, na hewa pia. Ndani ya pazia lile, mtoto mwenye sweta, kofia na khanga mbili alikuwa anapika kwa joto lake mwenyewe. Akaanza kulia Magomeni.

Baba hakuwa amelala vizuri kwa siku nne. Alilala kwenye benchi, kwenye gari, nyumbani saa mbili tatu. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, na hakuna mtu katika familia ile ambaye angemkabidhi funguo mlevi. Alikuwepo kaka wa mama, mwenye leseni, amepumzika, na alikuja na daladala kusaidia kubeba mizigo. Baba alitaka kumfikisha mwanawe nyumbani kwa mikono yake. Ni hamu nzuri. Ningemshauri akae nyuma na mtoto, afikishe hivyo.

Simu ziliita njia nzima. Mama mkwe upande wa baba, majirani, kundi la ukoo la WhatsApp: mmefika wapi? Baba alipokea mbili. Ubungo, kwenye barabara za juu za Kijazi, bibi alimnyang'anya simu akaizima, na namshukuru.

Baada ya Ubungo kilio kikazidi. Bibi aligeuka akasema mtoto wa siku nne hafungwi kama mzigo, mpakate mwanao. Mama alisema hivi: "Nilikuwa najua hairuhusiwi, lakini maziwa yalishaanza kutoka yenyewe na kila mtu ndani ya gari ananiangalia." Akamfungua, akampakata, akamnyonyesha. Mkanda wake mwenyewe alishauweka nyuma ya mgongo tangu hospitalini, kwa kuogopa usiguse kidonda. Dakika chache baadaye, Kimara, daladala ikachomekea.

Kasi ilikuwa kama kilomita 30. Breki kali kwenye lami kavu humsukuma kila aliyemo kwa nguvu ya takriban nane ya kumi ya uzito wake. Kwa mtoto wa kilo 3.2, mikono ya mama ilihitajika kuzuia kilo mbili na nusu hivi. Ikaweza. Na hapo ndipo kisa kinapodanganya, maana bibi aliniambia kwa dhati, "Si unaona, alimshika." Kushika wakati wa breki hakufanani na kushika wakati wa kugonga. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo halali wa mjini, likigonga na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto yuleyule anavuta kwa nguvu ya kama kilo 45. Ni kama mtu akurushie karibu mfuko mzima wa saruji ukiwa umekaa, nawe umtake mama mwenye mshono wa siku nne audake. Hakuna mikono hiyo. Mbaya zaidi, mama asiye na mkanda anakuja nyuma ya mtoto na uzito wake wote, na mtoto anabanwa kati yake na kiti cha mbele.

Nilimwambia bibi hesabu hiyo kwa upole, kwa kilo na mifuko, akiwa ameketi na mjukuu wake. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa mlitaka tumwache alie?"

Lilikuwa swali sahihi, na ndilo lililotakiwa kuulizwa hospitalini. Jibu ni hapana. Gari linasimama. Barabara ile ina sheli upande wa kushoto kila baada ya mwendo mfupi, kutoka Magomeni mpaka Mbezi. Unaingia sheli, unaegesha mbali na pampu, unazima injini au unaacha kiyoyozi, unamtoa mtoto, ananyonya, anacheua, anabadilishwa, anarudishwa, mnaendelea. Kulia kwa dakika tano hadi ifike sheli inayofuata hakumdhuru mtoto aliyefungwa sawasawa. Kumfungua gari likiwa kwenye mwendo ndiko kunakomdhuru. Uamuzi huo ukiwa umeshasemwa kwa sauti kabla ya safari, kila mtu akausikia na bibi akaukubali, mama hana haja ya kuamua peke yake huku maziwa yanamtoka na macho yote yako kwake. Baba anakuwa na kazi moja inayoeleweka: kutafuta mahali pa kuingia.

Walipita sheli zaidi ya moja kati ya Ubungo na Kimara. Baba anakumbuka kuziona. Hakusimama kwa sababu hakuna aliyemwambia asimame, na yeye aliona kufika haraka ndiyo msaada.

Mama na mkanda wake, chupa ya uji na mengine

Mkanda wa kiuno hauumizi kidonda ukikaa mahali pake: chini kabisa, juu ya nyonga na mapaja, si tumboni. Ule wa juu unapita katikati ya maziwa na begani. Kama mshono bado una maumivu, kitambaa laini kilichokunjwa kati ya mkanda na nguo kinasaidia. Mama huyu alipojaribu hivyo uani alishangaa kwamba hakuusikia. Hakuna aliyemwonyesha wodini.

Nyuma ya siti, kwenye kibao cha juu ya buti, kulikuwa na chupa ya chai iliyojaa uji, na beseni lenye vyombo. Kitu chochote kizito kilicho nyuma ya vichwa vya watu kinaruka mbele gari likisimama ghafla. Vyote vikae ndani ya buti, chini.

Trafiki waliwapita wawili wakiwa wamesimama njiani. Hakuna aliyewauliza lolote kuhusu mtoto. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, pamoja na marekebisho yake ya miaka mingi, imekuwa ikimbana dereva na abiria wa mbele kwenye mkanda, na kiti cha mtoto hakikupata nafasi humo. Wanaharakati na wanasheria wa usalama barabarani wamelidai jambo hili kwa muda mrefu. Naungana nao kabisa. Mzazi anayesema kwamba sheria haijamlazimisha anasema kweli, na mtoto bado ni wake.

Na asiye na kiti, au asiye na gari? Wengi wanarudi nyumbani na taksi au bajaji, na sitawaambia kwamba kuna mshiko fulani wa mikono unaolingana na kiti, kwa sababu haupo. Khanga au kitenge kilichomfunga mtoto kifuani ni kubebea, hakizuii kitu kwenye ajali. Kinachobaki ni kupunguza hatari: gari badala ya bajaji na pikipiki, siti ya nyuma, saa ambayo barabara ni nyeupe, safari fupi, dereva aliyeambiwa mapema aende taratibu. Mama afunge mkanda wake peke yake. Asiuzungushe mkanda mmoja juu yake na mtoto, maana mwili wake ungemponda mtoto kwenye utepe huo. Kuazimana kiti ndani ya ukoo kunawezekana pia, na kichanga anakihitaji kwa miezi tu kabla mwingine hajazaliwa. Kiti hiki cha shangazi kimeshaahidiwa kwa binamu anayejifungua mwakani.

Safari ya pili

Siku ya saba walikuwa na kliniki. Safari hii kiti kilifungwa jioni ya siku iliyotangulia, bila haraka, baba akakisukuma mwenyewe mpaka akaridhika. Kimto cha sungura kilibaki kitandani. Mjomba aliendesha. Gari liliwashwa likapoa kwanza milango ikiwa wazi. Mtoto alinyonya, akacheua, akavishwa nguo moja nyepesi, akafungwa, kisha bibi mwenyewe akamfunika khanga kifuani. Kioo cha dirisha kiliwekewa kivuli kinachobandikwa, hakuna kilichofunika kiti. Baba alikaa nyuma kulia, mama mbele na mkanda wake nyongani, bibi alibaki nyumbani kupika. Simu zote zilikuwa kwenye pochi ya mama.

Alilia Mbezi Mwisho. Mjomba akaingia sheli, wakakaa robo saa. Walichelewa kliniki kidogo, na muuguzi hakulalamika.

Sasa wana swali la Tanga. Babu mzaa baba yuko kule, hajamwona mjukuu, na ukoo unataka apelekwe mapema. Ni safari ya siku nzima kwa mtoto anayetakiwa kutolewa kitini mara kwa mara. Nilipoulizwa nilisema ningengoja arobaini ipite, mama apone, mtoto ashike shingo kidogo, kisha waondoke alfajiri na madereva wawili, vituo vikiwa vimeshapangwa: Chalinze, Msata, Mkata, Segera, Muheza, na pengine popote atakapolia. Baba amempigia babu simu. Babu amesema kama ni hivyo atapanda basi aje mwenyewe Kibamba mwisho wa mwezi.